Jinsi ya kutengeneza kamal, kipimo cha nyota cha mabaharia wa zamani, na kukitumia huku kwetu pwani

Wakuu, kuna kifaa kimoja cha zamani nakipenda kuliko vyote na nashangaa watu wa pwani wachache sana wanakijua, wakati babu zetu wa majahazi walikuwa wanazunguka nacho bahari nzima ya Hindi. Kinaitwa kamal. Ni kibao kidogo cha mbao, katikati kimetobolewa tundu, kwenye tundu kimepita uzi, na uzi una mafundo. Basi, hakuna kingine. Hakina betri, hakina kioo, hakina chuma, na kwa icho kibao mwalimu wa chombo alikuwa anajua yuko usawa wa Mombasa au usawa wa Kilwa akiwa katikati ya maji bila kuona nchi.

Nimesema mwalimu, sio mwalimu wa shule. Zamani kwenye vyombo mwalimu ndo alikuwa yule anayejua njia, anasoma nyota na pepo, nahodha ni mtu mwingine. Wareno walipokuja waliandika neno ilo "malemo". Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 alipewa rubani wa kumvusha mpaka India, wakaondoka tarehe 24 Aprili na tarehe 20 Mei wakatia nanga karibu na Calicut, na mwandishi wa Kireno João de Barros anamwita rubani huyo Malemo Cana, mtu wa Gujarat. Anaeleza kwamba walipomwonesha astrolabe yao, kifaa cha duara cha kupimia urefu wa jua na nyota, hata hakushtuka, akawaambia kwao wanatumia kitu kingine cha vibao vitatu. Watu wengi mtaani wanasema rubani yule alikuwa Ahmad ibn Majid, yule bingwa wa Julfar upande wa Ghuba, lakini watafiti wengi wa sasa hawakubali, na Barros mwenyewe anasema ni mtu wa Gujarat. Ibn Majid heshima yake iko palepale, huyu mtu aliandika mpaka shairi zima la njia ya kwenda Sofala, bandari ya zamani huko Msumbiji.

Sasa tuje kwenye kazi. Kabla hujakata mbao naomba uelewe kitu kimoja, maana hapa ndo wengi wanakwama na mimi nilikwama miezi. Maelekezo karibu yote ya kamal utakayokuta yanakwambia tafuta Nyota ya Kaskazini, ile mabaharia wetu waliyoiita jaa, pima urefu wake kutoka upeo wa macho, umemaliza. Hiyo ni sawa kwa mtu wa Muscat au Bombay. Ukiwa Dar, Tanga, Mombasa au Unguja nyota hiyo huioni kabisa, iko chini ya upeo wa macho mwaka mzima kwa sababu sisi tuko kusini ya ikweta. Nilisimama ufukweni usiku na kibao changu nikiitafuta nyota ambayo hata haichomozi, nikadhani macho yangu yana shida. Kumbe wazee walishalimaliza hilo zamani, jaa ikizama walikuwa wanahamia kwenye nyota mbili zinazoizunguka, Waarabu wanaziita Farqadani, maana yake ndama wawili. Hizo kwetu zinaonekana vizuri tu, kwa hiyo maelekezo yangu yote hapa ni ya Farqadani, na zaidi ile kubwa yao inayoitwa Kochab.

Vitu vya kutafuta: kipande cha plaiwudi au mbao nyembamba isiyopinda (boksi gumu linafaa kwa kujaribia lakini likipata unyevu wa bahari linakufa), uzi wa pamba au wa katani kama mita moja hivi, rula, kalamu, msasa, na mshumaa. Usitumie mshipi wa kuvulia. Najua ndo uko karibu na kila mtu wa pwani anao, ila mshipi unavutika na mafundo yake yanateleza, na hapa sentimita moja ikikimbia umehamisha bandari.

Kata kibao kiwe na urefu wa sentimita 6 kamili kwenda juu, upana ukipenda 8 au 9 ili kishikike. Hizo 6 ndo roho ya kifaa chote, kwa hiyo pima mara mbili, mahesabu yote huko chini yanategemea hapo. Kingo ya juu na ya chini ziwe zimenyooka na ziwe sambamba, piga msasa taratibu, usizungushe kona. Alafu chora mistari ya kukatiza kutoka kona kwenda kona, zinapokutana ndo katikati, toboa hapo kwa msumari mwembamba. Pitisha uzi, nyuma piga fundo kubwa lisipite tundu. Uzi mzima usugue kwenye mshumaa uingie nta, utaona unakuwa mgumu kidogo na haunywi maji.

Sasa mafundo. Zamani kulikuwa na mitindo tofauti. Waarabu walikuwa wanapima kwa isba, yaani kidole, isba moja ni kama digrii 1 na dakika 36, na mafundo yalikuwa yanahesabu isba. Wachina wa enzi za Zheng He, yule amiri wa misafara yao mikubwa ya bahari, walikuwa na seti ya vibao 12 vya mpingo, kuanzia kidogo mpaka kikubwa, badala ya uzi wa mafundo mengi. Alafu kulikuwa na mabaharia, zaidi wa pwani ya India, ambao walifunga fundo moja kwa kila bandari wanayoenda, na huu ndo mtindo ninaoupenda kwa sababu hauhitaji uwe mtu wa hesabu ukiwa chomboni, fundo la Mombasa ni Mombasa, limekwisha.

Nimeshapiga hesabu za bandari zetu kwa kibao cha sentimita 6 na nyota ya Kochab ikiwa juu kabisa ya mzunguko wake. Pima kutoka kwenye kibao kuja kwako: Lamu sentimita 25, Malindi 26.9, Mombasa 28.8, Tanga 31.5, Nungwi 33.5, Unguja mjini 35, Dar 37.5, Kilwa Kisiwani 49, Mtwara 60.5. Ukiangalia vizuri utaona kadiri unavyoenda kusini uzi unarefuka, maana nyota inashuka, na kibao kilekile kinatakiwa kiende mbali zaidi na jicho ili kionekane kidogo. Lamu Kochab inafika kama digrii 13 na nusu juu ya maji, Mombasa kama 12, Dar 9, Mtwara inabaki chini ya 6. Mtu mwenye mkono mfupi fundo la Mtwara litamsumbua, kata kibao cha pili cha sentimita 4 na kila kipimo cha uzi kizidishe kwa 4 ugawe kwa 6. Ndo maana rubani wa Malindi alikuwa na vibao vitatu, ukishatengeneza chako mwenyewe unaelewa kwanini.

Kama kwenu hakumo kwenye orodha, chukua 15.95 utoe latitudo yako ya kusini, unayopata ndo digrii za nyota. Gawa kwa 2, tafuta tan yake kwenye kalkuleta ya simu (hakikisha iko kwenye digrii), alafu chukua 3 ugawe kwa hiyo tan. Mfano Mombasa ni 4.05 kusini, 15.95 toa 4.05 ni 11.9, nusu yake 5.95, tan yake 0.1042, 3 gawa kwa hiyo unapata 28.8. Mtu wa Mogadishu au popote kaskazini ya ikweta yeye anajumlisha latitudo badala ya kutoa. Ile 15.95 imetoka wapi? Kochab iko digrii 74.05 kaskazini ya ikweta ya anga (yaani ikweta yetu ukiipandisha mpaka mbinguni), 90 toa hiyo ndo 15.95. Na ile 3 ni nusu ya kibao chako.

Kufunga fundo lenyewe kuna ujanja, fundo likikaza linakula uzi na linasogea. Weka alama kwa kalamu kwanza, funga fundo legevu, lisukume kwa sindano mpaka likae juu ya alama ndo ukaze. Anza na fundo la karibu na kibao ndo uende nje, ukianza na la mbali kila fundo jipya linakuvurugia yale uliyokwisha pima. Mimi natofautisha mafundo kwa kidole maana usiku huoni kitu, Unguja nimefunga mawili yaliyogusana, mengine moja moja.

Kutumia. Unasimama unaangalia kaskazini, kibao mkono wa kushoto au wa kulia unavyopenda, uzi umeushika kwenye fundo. Wazee walikuwa wanang'ata fundo kwa meno na ndo picha utakayoiona kila mahali, inaacha mkono mmoja huru wa kushikia chombo. Ila mafundo yetu nimeyahesabu kutoka kwenye jicho, na meno yako chini ya jicho, kwa mafundo mafupi kama la Lamu tofauti hiyo inaweza kukupotosha mpaka nusu digrii. Ukiwa umesimama nchi kavu shika fundo kwa vidole ulibane kwenye mfupa wa shavu chini kidogo ya jicho. Ukizoea meno, funga mafundo yako kwa meno kuanzia siku ya kwanza na usichanganye.

Fumba jicho moja. Nyoosha uzi mpaka ukaze, kibao kisimame wima, kisilale mbele wala nyuma. Kingo ya chini igusishe mstari wa maji na mbingu, alafu tazama kingo ya juu. Nyota ikiwa imekaa juu ya kingo bila kufichwa na bila kuacha nafasi, uko kwenye latitudo ya hilo fundo. Nyota ikiwa imefichwa nyuma ya kibao, uko kusini zaidi ya fundo. Ikiwa inaelea juu ya kibao umeacha fundo hilo kusini kwako. Kwenye chombo kinachoyumba pima mara tano au sita, chukua ile ya katikati, usichukue ile uliyoipenda.

Kuzipata hizo nyota: tafuta kwanza Dubu Mkubwa, zile nyota saba zenye umbo la upawa. Mwezi wa sita mapema usiku ukitazama kaskazini upawa uko kushoto kwako, mpini umeelekea juu na bakuli limeshuka kuelekea maji. Sasa njoo katikati, kaskazini kabisa, chini huko karibu na maji, utaona nyota mbili zimekaa peke yao upande ule hakuna nyota nyingine kali. Ya chini kushoto ndo kali zaidi na ina wekundu kidogo, hiyo ndo Kochab. Ya juu kulia imefifia, ndo ndama wa pili. Ukishaziona mara moja hutazisahau. Mara nyingi nasimama dakika nyingi naziangalia tu, nawaza mtu aliyeshika kibao kama changu miaka 500 nyuma na macho yake yako palepale.

Muda ni muhimu kweli. Lazima upime nyota ikiwa juu kabisa ya mzunguko wake, kabla ya hapo inapanda na baada ya hapo inashuka. Kwa pwani yetu, kuelekea tarehe 20 mwezi wa sita inafika juu kama saa tatu na robo usiku, na kila siku inawahi dakika 4, kwa hiyo kila mwezi inawahi masaa mawili. Habari nzuri ni kwamba ikiwa juu kule inatulia, ukikosea nusu saa unapoteza kama sehemu ya kumi ya digrii tu, ambayo kibao hakiwezi hata kuiona. Ukikosea saa nzima hapo umeshapoteza nusu digrii, na digrii moja ni kilomita 111, jipigie mwenyewe.

Lakini tatizo kubwa kuliko yote ni upeo wa macho. Nyota unaziona vizuri kukiwa giza, na kukiwa giza mstari wa maji huuoni, sasa kingo ya chini utaigusisha wapi? Kuna dawa mbili. Ya kwanza ni mbalamwezi, usiku wenye mwezi mkubwa mstari unaonekana. Ya pili ndo bora zaidi, upime wakati wa magharibi jua likiwa limeshazama lakini mwanga bado uko. Nimehesabu siku zake: wiki ya mwisho ya mwezi wa saba, kama saa moja usiku, Kochab iko juu kabisa na mwanga wa magharibi bado umekaa kwenye maji, vyote viwili unavipata pamoja. Nafasi nyingine ni katikati ya mwezi wa pili alfajiri, kama saa kumi na moja na dakika 45, na hiyo inaangukia msimu wa kaskazi, wakati majahazi ya Oman na Ghuba yalikuwa njiani kushuka huku kwetu. Ukikosa siku hizo usilazimishe.

Sehemu ya kusimama nayo chagua. Unahitaji bahari wazi upande wa kaskazini, na fukwe zetu nyingi zinatazama mashariki, ukigeuka kaskazini unakuta minazi na nyumba. Nungwi ndo napendekeza kwa moyo wote, iko ncha ya kaskazini ya Unguja, mbele yako maji matupu, na nyuma yako mafundi bado wanaunda majahazi mchangani. Mimi nilipima pale mwezi wa saba mwishoni, fundo la 33.5, nyota ikakaa juu ya kingo kama imewekwa na mkono. Nilirudia mara nne. Siwezi kueleza vizuri nilivyojisikia, kipande cha plaiwudi na uzi wenye nta ya mshumaa kimenambia niko wapi duniani. Mtu wa Pemba aende Ras Kigomasha, na mtu wa Dar bora apande chombo, au akubali kupima juu ya paa la mbali ambalo ni usawa wa macho yake, ni mazoezi mazuri ila usilihesabie kama kipimo cha kweli.

Mambo madogo ambayo yatakuokolea muda: zima simu au geuza mwanga wake, jicho likishaona tochi linachukua dakika kadhaa kurudi. Usisimame juu sana, ukiwa ghorofa ya nne au kwenye mnara mstari wa bahari unashuka na nyota inaonekana iko juu zaidi ya ukweli. Na kamwe usijaribu kupima jua kwa kifaa hiki, utaharibu macho, kamal ni ya nyota.

Watu wananiuliza kwanini wazee walihangaika na latitudo tu wakati hujui umbali wa mashariki na magharibi. Jibu ni kwamba kwao ilitosha. Unatoka India, unaingia bahari kubwa, unashuka mpaka fundo la bandari yako linakaa sawa na nyota, ukifika hapo unageuza chombo magharibi na unahakikisha kila usiku fundo halitoki kwenye nyota. Bandari itakuja yenyewe mbele. Ukikosea nusu digrii unatokea kilomita 50 na kitu pembeni, unaona minazi, unaona rangi ya maji, mwalimu anajua kulia au kushoto. Ulaya ile octant ya John Hadley, kifaa cha vioo cha kupimia urefu wa jua na nyota, ilikuja mwaka 1731, na hata baada ya hapo kamal iliendelea kutumika huku, mpaka mwaka 1836 msomi wa Kiingereza James Prinsep anaandika kule Calcutta kuhusu vifaa vya mabaharia wa Kiarabu na kamal imo.

Ukibahatika kushika kamal ya zamani kweli yenye mafundo yake, usishangae yakikataa kulingana na haya yangu. Nyota zinasogea polepole sana kwa sababu mhimili wa dunia unazunguka, enzi za ibn Majid Kochab ilikuwa karibu na ncha ya mbingu (pale kaskazini nyota zote zinapozunguka) kwa kama digrii 2 zaidi ya leo, kwa hiyo pale Mombasa ilikuwa inafika chini kuliko tunavyoiona sisi. Na jaa yenyewe wakati ule ilikuwa zaidi ya digrii 3 nje ya ncha, leo haifiki hata moja. Mafundo haya niliyokupa ni ya miaka yetu hii, yatadumu umri wako wote bila shida.

Ukitaka kuendelea kusini zaidi ya Mtwara kuingia Msumbiji, Farqadani zitakuwa zinazama mbele yako, na usawa wa Sofala hazichomozi kabisa. Hapo walihamia tena, safari hii kwenye zile za Dubu Mkubwa wenyewe, wakiziita Na'shi. Chukua nyota inayoitwa Dubhe, ile ya mdomo wa bakuli upande wa mbali na mpini, kwenye hesabu yako badala ya 15.95 weka 28.4, mengine yote yabaki vilevile. Sofala ni kama 20.2 kusini, kwa hiyo unapata digrii 8.2, na kwa kibao cha sentimita 6 fundo linakaa karibu sentimita 42. Hilo mimi bado sijalijaribu baharini, kibao kiko tayari.